Mtoto wa Boma la Moreto

Siku Naeku alipokosekana ilikuwa Jumatano ya kliniki, katikati ya masika, siku ambayo mvua ilipumzika tangu asubuhi kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuendelea na kazi. Gari la mradi lilitoka Handeni na watoto wenye ugonjwa wa damu wa siko seli pamoja na mama zao, likawafikisha Korogwe salama. Watoto wakatolewa damu, wakapimwa bandama, wakanywa uji wa karanga. Jioni gari likarudi na kuwashusha mmoja mmoja, kila mahali lilipowachukua.

Kwenye njia panda ya kwenda bomani kwa Moreto alisimama Siamanta, shuka amejifunika mpaka kichwani. Alikuwa na homa siku ile, ndiyo maana hakusafiri, akamkabidhi binti yake kwa wanawake wengine. Dereva alipomwona alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, unamsubiri nani? Si mwanao alichukuliwa na baba yake tangu mchana?"

Siamanta alisogea dirishani. Alichungulia ndani ya gari, kiti hadi kiti, kisha akarudi bomani peke yake. Mumewe alirejea giza likiingia, naye yuko peke yake. Alipoambiwa kwamba mtoto hakurudi, alikaa kwenye kigoda chake, akanywa maziwa, akasema, "Atarudi."

Asubuhi ya Ijumaa habari hiyo ilifika kwenye meza ya Sajini Hiza, mpelelezi wa kituo cha Korogwe. Hiza alikuwa Mzigua wa maneno machache, mtu wa kupiga viatu rangi kila asubuhi hata kama nje kuna tope la kufika magotini. Kimasai alikiokota nyikani, miaka aliyokuwa akifuata nyayo za wezi wa ng'ombe. Aliyemletea habari ni Grasiana, muuguzi wa mradi, mwanamke mnene, mwepesi wa kutembea, aliyeingia bila kusubiri kuitwa.

"Nesi, mtoto wa Kimasai kutoonekana siku mbili si jinai," Hiza alimwambia. "Pengine yuko kwa shangazi yake anakunywa maziwa."

"Angekuwa mtoto mwingine nisingekuja kukupotezea muda, afande." Grasiana alifungua mkoba, akaweka kopo jeupe la plastiki mezani. "Hii ni dawa yake ya mwezi huu. Aliondoka kabla sijampa. Ya mwezi uliopita imeshamwishia."

"Dawa ya nini?"

"Ya kukinga malaria. Ndiyo hiyo unayoichunguza mradi, kama itawasaidia watoto wa siko seli. Kidonge kimoja kila siku."

"Na akikosa?"

"Masika haya, na mbu hawa? Mwenye siko seli akishikwa na malaria, damu inamtoka mwilini kama maji kwenye gunia, na hutaona hata tone limeanguka chini. Nimewaona. Leo mtoto anaruka kamba, keshokutwa tunamfunika shuka." Alilisukuma kopo kuelekea kwa Hiza. "Mtafute, afande. Usimtafute kama mtu anayetafuta mbuzi."

Hiza alilichukua kopo, akalitikisa. Vidonge vikalia. Akaliweka kwenye mfuko wa koti lake, akatoka.

Alianzia getini kwa kliniki. Mlinzi aliitwa Fabiani. Zamani alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge, mpaka shamba likafungwa kumsubiri mnunuzi ambaye kila mwaka alisemekana yuko njiani. Mnyapara akiwa mlinzi hubaki mnyapara. Fabiani alimjibu Hiza akiwa amesimama wima, mikono nyuma.

"Ulimwona aliyemchukua?"

"Kama ninavyokuona wewe, afande. Mmasai. Mrefu, mwembamba, shuka jekundu, fimbo mkononi, rungu kiunoni, masikio yametobolewa."

"Hapo umenitajia nusu ya watu wa nyikani."

"Na nusu iliyobaki ni wanawake." Fabiani alicheka, alipoona hachekewi akanyamaza. "Ni baba yake, afande. Alikuja hapa mwezi uliopita, daktari alimwita."

"Una hakika ni yuleyule?"

"Mtoto alikuwa kwenye foleni ya dawa. Alipomwona tu akaja getini, akamwinamishia kichwa, yule mzee akamwekea kiganja utosini. Hakuna aliyemvuta mkono. Mtoto gani anamwinamishia mgeni kichwa?"

"Mbona baba hakumsubiri apate dawa?"

"Na rungu lile? Amri ni kwamba silaha haziingii ndani. Nikamwambia, mzee, acha rungu hapa ukakae kwenye benchi kama wenzako. Akanitazama kama mnunuzi anavyomtazama ng'ombe aliyekonda. Nikamwambia basi nenda zako. Akaenda, na mtoto akamfuata."

"Wewe ndiye uliyemwambia aende."

"Nilimwambia yeye, afande. Sikumwambia mtoto."

Hiza alishuka mpaka stendi, akauliza kwa wakatisha tiketi na wauza mayai. Wote walikuwa wamewaona Wamasai Jumatano ile. Hakuna aliyeweza kumtofautisha mmoja na mwingine. Alivuka hadi Korogwe ya Zamani, kwa bibi mmoja aliyekuwa akiwapangisha wagonjwa chumba, akakuta chumba kitupu. Mchana alirudi kliniki kumwona mkuu wa utafiti.

Daktari Mbelwa alikuwa kijana kuliko Hiza alivyotarajia, mtu wa miwani na vidole virefu, na meza yake ilikuwa safi kupita kiasi. Alimkaribisha Hiza kiti, akafunga mlango, akakaa, akainuka tena kuhakikisha mlango umefungwa.

"Kuna jambo," alisema. "Nisingelisema, ila mtoto hayupo."

"Sema, daktari."

"Ugonjwa huu ni wa kurithi. Hauoti bila mbegu mbili, moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba. Mwenye mbegu moja haumwi, anaibeba tu. Tumewapima wazazi wote wa mradi, ndiyo sehemu ya utafiti. Siamanta anayo. Moreto hana. Nilirudia kipimo."

Hiza alisogeza kiti mbele.

"Kwa hiyo Moreto hakumzaa Naeku."

"Hakumzaa."

"Na yeye anajua?"

"Nilimwita mwezi uliopita nikamwambia. Peke yake, hapo ulipokaa. Nilidhani ni haki yake." Mbelwa alivua miwani. "Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu, 'Kwa hiyo ugonjwa umetoka kwa yule aliyemzaa?' Nikamwambia ndiyo, nusu yake. Akanishukuru, akaondoka."

"Hakukasirika?"

"Hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha."

Lilimtisha na Hiza. Katika kazi yake alikuwa amewakamata waume kadhaa waliomwaga damu kwa jambo dogo kuliko hilo, na anayepiga kelele hakuwahi kuwa yule wa kuogopwa. Alipanga mambo kichwani kama mtu anayepanga kuni. Mume ameambiwa mtoto si wake. Hakusema neno kwa mkewe. Siku ya kliniki ametoka alfajiri. Mlinzi amemwona getini. Usiku amerudi peke yake, akanywa maziwa, hakutafuta. Kuni zilikaa vizuri. Jumamosi asubuhi alikwenda bomani na askari mmoja, na Moreto aliwafuata bila ubishi, akiwa ametangulia mbele kana kwamba yeye ndiye anayewapeleka.

Siamanta aliwasindikiza hadi kwenye ua wa miiba. Hakulia. Alisema kwa Kimasai, polepole ili Hiza aelewe, "Ukimfunga huyu, nani atanitafutia mwanangu?"

Kituoni, Moreto alikaa kwenye benchi, miguu imenyooka, tope la njiani limemkaukia mpaka kwenye mashavu ya miguu.

"Mzee Moreto, Jumatano ulikuwa wapi?"

"Chanika."

"Nani alikuona?"

"Watu wenye macho."

"Mlinzi wa kliniki ana macho. Amekuona Korogwe."

"Huyo ameona shuka."

"Naeku yuko wapi?"

"Mahali pazuri. Atarudi."

"Daktari alikuambia kwamba mtoto si wako."

Hapo Moreto alimgeukia, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha kitu, nacho kilikuwa mshangao. "Daktari aliniambia habari ya aliyemzaa. Hakuniambia mtoto si wangu. Wewe ni Mzigua, lakini umekaa kwetu. Dume la jirani likipanda ng'ombe wangu, ndama anazaliwa katika zizi la nani?"

"La kwako."

"Sasa serikali inauliza nini?"

Hiza hakuamini. Alikuwa amesikia maneno hayo zamani, karibu na moto, yakisemwa na wazee walioshiba. Kuyasikia kwa mtuhumiwa kulikuwa kitu kingine. Alimrudisha mahabusu. Usiku mvua ikarudi na kunyesha bila kuchoka, na mkuu wa kituo akasema mzee atalainika akisikia paa linavyovuja.

Jumapili Hiza alipanda basi kwenda Handeni, kwa sababu madai ya mtuhumiwa huhakikishwa hata kama ni ya uongo. Chanika, mjini Handeni, kulikuwa na duka moja tu ambalo wafugaji walilipenda, la dawa za mifugo na mashuka. Tangu biashara ziachiwe huria, maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona kama uyoga, lakini wafugaji waliendelea kwenda kwa Shirin, kama baba zao walivyokwenda kwa baba yake. Alikuwa mama wa makamo, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Moreto?" alisema. "Jumatano alikuwa hapa tangu nafungua mpaka karibu magharibi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa inatoka Tanga, lori likachelewa. Amekaa palepale kwenye gunia la chumvi. Amemaliza chai yangu yote."

"Una hakika ni yeye, si Mmasai mwingine?"

Shirin aliweka mikono yote miwili kwenye kaunta. "Sajini, mimi nimezaliwa Chanika hii. Sisi nasi tunaambiwa Wahindi wote sura moja. Umwone mteja wa miaka ishirini halafu usimjue?"

"Samahani, mama."

"Haya. Nikuuzie nini?"

"Alinunua nini zaidi ya dawa?"

"Sukari, na tumbaku nzuri, ile ya kwenye mfuko wa buluu. Nikamtania, Moreto, wewe huvuti, umeanza uzeeni? Akasema ni ya mwenzake wa rika, anamfanyia kazi kubwa."

"Kazi gani?"

"Mteja akinunua sukari unamuuliza chai itanywewa na nani?"

Hiza alinunua kiberiti ambacho hakukihitaji, akatoka, akasimama kwenye baraza akitazama maji ya mvua yakikata barabara. Kuni zake zilikuwa zimeanguka zote, na alipoziokota tena zilikaa kwa namna nyingine. Mtoto wa Kimasai humwinamishia kichwa baba yake, ni kweli. Lakini humwinamishia vilevile kila mwanamume wa rika la baba yake, na yeyote kati yao akimwita humfuata bila kuuliza. Fabiani hakujua hilo. Hiza alilijua, na alikuwa amelisikia likisimuliwa getini bila masikio yake kusimama. Na miongoni mwa wanaume wa rika ndimo angekuwamo aliyemzaa Naeku. Mgeni wa bomani akiwa wa rika moja na mwenyeji hana mlango uliofungwa, hata wa mke wa mwenyeji.

Kwa hiyo Moreto alimtuma aliyemzaa. Kumfanyia kazi gani, Hiza hakujua. Alijua tu kwamba hatatajiwa jina. Mwizi mmoja wa ng'ombe aliwahi kwenda jela mbele ya macho yake kwa kosa la mwenzake wa rika, akitabasamu.

Alifika Korogwe jioni. Moreto alikuwa amekaa mahabusu pembe isiyovuja, amempisha mlevi mmoja sehemu kavu zaidi.

"Shirin amekutolea ushahidi," Hiza alimwambia kwa Kimasai. "Hukuwa Korogwe. Umemtuma mwenzako wa rika."

Moreto alivuta shuka lake mabegani.

"Sikuulizi kwa ubaya."

"Aliyemchukua hana ubaya. Mtoto atarudi kesho au keshokutwa. Ngoja."

Hiza hakuwa na hila nyingine. Aliingiza mkono mfukoni kutafuta sigara, akakutana na kopo, akalitoa ili apate nafasi na kuliweka kwenye benchi. Moreto alilitazama.

"Hilo la nani?"

"La Naeku. Nesi aliniletea."

"La Naeku analo mwenyewe."

"Hana, mzee. Alitolewa kwenye foleni kabla ya kupewa. Mlinzi alimkataza mwenzako kuingia na rungu."

Moreto alilishika kopo. Alilifungua, akatazama ndani, akalifunga. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ileile, ila maneno yalitoka upesi.

"Nilimwambia, mpaka apate dawa kwanza ndipo mwondoke. Nilimwambia mara nyingi. Vyote viwili, dawa ya daktari na baraka ya aliyemzaa. Twende. Ni Keriako. Boma lake liko ng'ambo ya mto Msangasi."

"Baraka ya nini?"

"Daktari alisema ugonjwa umetoka kwake. Kitu kilichotoka kwa mtu, nani atakirudisha kama si yeye? Anachinja kondoo, anampaka mtoto mafuta, anamtemea maziwa na asali, anasema, kilichotoka kwangu kinirudie mimi. Siku nne. Keriako alikubali. Alijua anaweza kuumwa yeye, akakubali."

"Mbona hukumwambia mama yake? Amekaa siku zote hizi hajui mwanawe yuko hai au amekufa."

"Nimtajie mke wangu jina la aliyemzalisha?" Moreto alimtazama kama mtu anayemfundisha mtoto. "Hiyo si heshima."

Gari la polisi lilikuwa juu ya mawe, likisubiri magurudumu. Alfajiri ya Jumatatu waliondoka kwa gari la mradi: dereva, Grasiana na sanduku lake, Moreto, na Hiza. Walimpitia Siamanta njia panda. Hakuna aliyemweleza mengi. Moreto alimwambia tu, "Yuko kwa Keriako," naye akainamisha macho, akapanda.

Msangasi ulikuwa umejaa. Maji yalikuwa mekundu na mapana, yakipita na matawi mazima. Dereva alishuka, akachomeka fimbo, akarudi akitikisa kichwa. Walikaa ukingoni asubuhi yote wakitazama jiwe moja katikati ya mto, wakisubiri litokeze. Grasiana alisali rozari. Moreto alisimama kwa mguu mmoja, mkono juu ya fimbo, na hakubadilisha mguu. Jiwe lilipotokeza, walifunga kamba kwenye mti, wakavuka kwa miguu, maji yakiwafika kifuani, sanduku la Grasiana juu ya kichwa cha Hiza.

Keriako aliwaona wakitoka kwenye vichaka, akaja kuwapokea. Alikuwa mrefu, mwembamba, shuka jekundu, rungu kiunoni. Alikuwa na furaha.

"Kazi imekwenda vizuri," alimwambia Moreto. "Kondoo alikuwa mnono. Tangu juzi mtoto amepata homa kali, ugonjwa unatoka. Jana umetoka zaidi, mpaka mkojo umekuwa mweusi."

Grasiana alikuwa ameshampita, anakimbia.

Naeku alikuwa amelazwa kwenye ngozi ndani ya nyumba, paji la uso linang'aa mafuta ya kondoo, shingoni amevishwa kamba mpya ya shanga. Macho yake yalikuwa ya manjano. Grasiana alifungua kiganja cha mtoto, na kiganja kilikuwa cheupe kama chapati mbichi. Alimdunga sindano ya kwinini akinong'ona kwa Kishambaa, lugha ya kwao Bungu. Moreto aliinama mlangoni, akaingia. Naeku alijaribu kuinua kichwa ili akiinamishe. Moreto akamwekea kiganja pale kilipokuwa.

"Nahitaji damu," Grasiana alisema. "Hapa sina damu. Tumpeleke hospitali Handeni, na sasa hivi."

Walimfunga kwenye machela ya fito na ngozi. Moreto alishika mbele na Keriako nyuma, na katikati ya mto walimwinua juu ya vichwa vyao. Hiza aliushika upande mmoja wa machela ili usilale. Alipotupa jicho alimkuta mtoto anamtazama.

"Wewe polisi?"

"Ndiyo."

"Kuna aliyeiba ng'ombe?"

"Hakuna."

"Basi umepotea njia," Naeku alisema, na Hiza akasikia Keriako akicheka nyuma yake, ndani ya maji.

Ndani ya gari mtoto alilala mapajani mwa mama yake. Alilalamika miguu, kisha hakulalamika tena. Hospitalini Moreto na Keriako walitolewa damu, wapimwe. Wakati ule, damu ya mgonjwa ilitoka kwa ndugu zake. Daktari Mbelwa alikuwa ameshafika kwa pikipiki, matope mpaka kwenye miwani, na yeye ndiye aliyesoma vipimo.

"Ya Keriako hatuwezi kumpa, ana mbegu. Ya Moreto inakubali," alisema.

Moreto alilala kitandani, akanyoosha mkono. Mfuko ulianza kujaa. Alikuwa akiutazama, na kila mara alimuuliza muuguzi kama anaweza kukunja ngumi kwa nguvu zaidi ili iende haraka. Mfuko haukuwa umefika nusu Grasiana alipotoka katika chumba alimolazwa Naeku na kumgusa muuguzi begani, wakazungumza kidogo, na muuguzi akaja kumtoa Moreto sindano.

Hiza alimkuta Mbelwa nyuma ya jengo, amekaa kwenye ngazi. Alimpa kopo.

"Angekuwa nalo angepona?"

"Sijui."

"Daktari, mimi si ndugu wa marehemu. Niambie tu."

"Nakuambia sijui." Mbelwa alilizungusha kopo mkononi. "Nusu ya makopo yana dawa. Nusu yana vidonge vitupu, unga tu, vimefanana kwa rangi na kwa uchungu. Tusipofanya hivyo hatutajua kama dawa inasaidia au watoto wangepona wenyewe. Mimi sijui lipi ni lipi. Grasiana hajui. Mwenye kujua yuko Dar es Salaam, na haruhusiwi kusema mpaka utafiti uishe."

"Wazazi wanajua kwamba kuna unga?"

"Waliambiwa. Walikubali. Sina hakika walielewa tulichowaambia."

"Sasa Moreto nimwambie nini? Anadhani mtoto amekufa kwa sababu ya kopo hili. Keriako anadhani ni kwa sababu hakusema maneno sawasawa. Fabiani nitamkuta kesho anadhani nini?"

Hiza hakuwa akiuliza ili ajibiwe. Alikuwa na kosa lake mwenyewe la kuhesabu, kumweka mtu mahabusu Jumamosi na Jumapili akimwambia ukweli. Alikaa kwenye ngazi moja chini ya daktari mpaka walipoitwa.

Walimzika Jumanne karibu na boma. Jumatano Hiza alikwenda kuchukua maelezo ya kufungia jalada, kwa sababu mtoto aliyeripotiwa kupotea akifa, sheria inataka mzazi aandikishe. Moreto alimpokea nje ya ua wa miiba. Pembeni yake alikaa ndugu yake, Nkoitiko. Siamanta alikuwa ndani, nywele amenyoa.

"Taja jina la marehemu, mzee," Hiza alisema, kalamu mkononi.

Moreto alitazama nyika. Hiza alirudia, kwa Kimasai.

"Afande," Nkoitiko alisema taratibu, "hilo halisemwi tena. Aliyekwenda haitwi."

"Sheria inataka kinywa cha mzazi."

"Sheria iandike inavyopenda. Wewe unalijua, liandike."

Hiza alimnyooshea Moreto kalamu. Moreto aliichukua, akaishika kama mtu anayepima uzito wake, akamrudishia. Hiza akaandika jina kwa mkono wake, na pale panapotakiwa sahihi ya mzazi akamshika Moreto kidole gumba, akakitia wino, akakibandika. Hapakuwa na mshtakiwa. Mkuu wa kituo alilifunga jalada Ijumaa, kifo cha maradhi.

Bomani kwa Moreto jina lile halitamkwi. Nkoitiko ana binti wa miaka mitatu aliyekuwa nalo pia. Siku hizi anaitwa Nalepo, na mama yake anamfundisha kuitika.